Tortuguero, Pasifiki au Ras al Jinz: kijana aende wapi kusaidia kasa wanaotaga?

Safari za vijana kwenda nje kusaidia kasa wanaotaga hutangazwa kwa picha moja: mtoto wa kasa amewekwa juu ya kiganja, na nyuma yake kijana anatabasamu. Kwangu picha hiyo ni sababu ya kuuliza maswali, si ya kulipa. Mtoto wa kasa akitoka mchangani ana akiba ndogo ya nguvu iliyobaki kutoka kwenye kiini cha yai. Akiba hiyo ndiyo ya kumvusha mawimbi na kumfikisha maji makuu, mbali na samaki wanaomvizia karibu na ufukwe. Kila dakika anayopitishwa mkono kwa mkono inaipunguza. Programu inayoijua kazi yake haijitangazi hivyo.

Wazazi kadhaa wanaozungumza Kiswahili, baadhi wako Toronto na Minneapolis, wengine Mombasa na Dar es Salaam, wameniuliza wampeleke wapi mtoto wa miaka 15 hadi 17 anayeipenda bahari. Majina yanayorudi ni yaleyale. Kuna Tortuguero, upande wa Karibi wa Costa Rica. Kuna fukwe za Guanacaste, upande wa Pasifiki wa nchi hiyohiyo. Na kuna Ras al Jinz nchini Oman, hasa kwa familia zenye ndugu Maskati au Sur. Nimeziweka pamoja hapa kwa kipimo kimoja ambacho mengine yote yanakuja nyuma yake: kijana atafanya kazi gani kwa mikono yake, na nani ataiendeleza yeye akisharudi nyumbani.

Kasa gani, na mwezi gani

Likizo ya shule ikishajulikana, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika, kwa sababu kasa hawangoji ratiba ya mtu.

Tortuguero ni ufukwe wa kilomita 35 hivi, na hakuna mahali pengine katika nusu ya magharibi ya dunia ambapo kasa wa kijani hutaga kwa wingi namna ile. Msimu ni Julai hadi Oktoba, na Agosti na Septemba ndiyo miezi mizito. Kijana anayesoma Kanada au Marekani anaangukia katikati ya msimu bila shida. Wa Kenya ana likizo ya Agosti, fupi lakini inatosha. Wa Tanzania anayefunga shule Juni anaweza kuwahi mwanzo tu wa msimu, usiku ambao kasa bado ni wachache.

Pasifiki ni hadithi mbili tofauti, na matangazo mengi huzichanganya. Kwenye ufukwe wa Ostional wanakuja kigome, kasa wadogo wa rangi ya zeituni, na wanakuja kwa mafuriko: siku chache za mwezi, mara nyingi mwezi wa angani ukiwa umefika robo ya mwisho, maelfu kwa maelfu hupanda ufukweni pamoja. Wenyeji huita tukio hilo arribada. Hutokea karibu kila mwezi, lakini makubwa zaidi ni ya majira ya mvua, Agosti hadi Novemba. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe, na anayekuahidi anakuuzia kitu asicho nacho.

Playa Grande, kaskazini zaidi, ni ya noa, yule kasa mkubwa kuliko wote mwenye mgongo wa ngozi badala ya gamba gumu. Anataga Oktoba hadi Februari, kwa hiyo likizo ya Desemba inafaa kabisa. Tatizo ni kwamba noa wamekwisha. Msimu wa 1988 hadi 1989 walihesabiwa zaidi ya 1,300 wakitaga pale. Miaka kumi baadaye walikuwa 117, na tangu hapo wamezidi kupungua. Mayai yaliokotwa karibu yote kwa miaka mingi kabla ya hifadhi kuanzishwa, na huko baharini noa wakubwa wanakufa kwenye majarife na kwenye mishipi mirefu ya ndoano mbele ya pwani za Amerika ya Kusini. Kijana anaweza kukaa Playa Grande wiki mbili nzima asimwone hata mmoja. Mwambie hivyo kabla ya kulipa, si akiwa njiani.

Ras al Jinz ni kasa wa kijani tena, na wanataga mwaka mzima, ingawa miezi ya joto, takriban Juni hadi Septemba, ndiyo yenye wengi. Kwa uhakika wa kumwona kasa kwa macho yako, hakuna kati ya mahali hapa patatu panapoizidi Oman.

Kazi yenyewe

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na hapa ndipo Tortuguero inapojitenga na wenzake.

Archie Carr, mtaalamu wa kasa kutoka Chuo Kikuu cha Florida, alianza kuwawekea alama kasa wa Tortuguero mwaka 1955. Mwaka 1959 likaanzishwa shirika la kuendeleza kazi yake, ambalo leo linaitwa Sea Turtle Conservancy, na mwaka 1975 eneo likawa hifadhi ya taifa. Maana yake kwa kijana wako ni hii: namba atakayoandika usiku wake wa kwanza inaingia kwenye kumbukumbu ambayo imekuwa ikiandikwa tangu kabla babu na bibi zake hawajaoana. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili yake wala haimtegemei yeye kuendelea. Anaisaidia kwa muda mfupi tu. Ni jambo zuri sana kwa kijana kulijua mapema.

Doria huwa na zamu mbili, ya saa mbili usiku hadi saa sita, na ya saa sita hadi saa kumi alfajiri. Mnavaa nguo nyeusi au za rangi iliyofifia. Taa nyeupe hairuhusiwi, simu haitoki mfukoni, na kiongozi peke yake ndiye mwenye taa nyekundu. Mnatembea kwenye mchanga laini unaomeza mguu, kilomita baada ya kilomita, mkitafuta njia pana iliyoburuzwa kutoka majini. Mkimkuta kasa anapanda au anachimba, mnakaa chini na kungoja, hata kama ni nusu saa kwenye mvua, kwa sababu kasa aliyeshtuka kabla ya kutaga hugeuka na kurudi baharini. Akishaanza kudondosha mayai hatishiki tena kwa urahisi. Hapo mtu mmoja hulala kifudifudi nyuma yake akihesabu mayai yanavyoanguka, mia moja na kidogo kwa kawaida. Mwingine hupima urefu wa gamba kwa utepe, wa tatu anaandika. Anayewekea kibati chenye namba kwenye pezi la mbele ni mtu aliyefunzwa, na kijana humshikia vifaa. Mahali kiota kilipo hupimwa kutoka kwenye miti mitatu ili kipatikane tena baada ya miezi miwili.

Mchana kuna kazi ambayo matangazo huificha, nayo naipenda kuliko zote: kufukua viota vilivyokwisha kuanguliwa. Mnachimba kwa mikono mpaka begani, mnatoa maganda, mayai yaliyooza, na mara nyingine vifaranga waliokufa njiani kuja juu, mnapanga na kuhesabu. Harufu haivumiliki. Lakini hapo ndipo inapojulikana ni mayai mangapi kati ya yale mia na kidogo yalizaa, na takwimu hiyo haipatikani kwa njia nyingine. Kijana aliyefanya kazi hiyo asubuhi moja ataelewa kwa nini watu wa kasa hawaridhiki na kuhesabu viota pekee.

Ataelewa pia kwamba ufukwe hautoshi. Kasa wa kijani wanaotaga Tortuguero wengi hula majani ya bahari mbele ya Nicaragua, ambako jamii za Wamiskito wamewavua kwa nyama tangu zamani. Vibati vilivyowekwa Costa Rica vimerudishwa kutoka huko mara nyingi. Na ingawa mwezi Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimwondoa kasa wa kijani kwenye orodha ya wanyama walio hatarini duniani, viota vya Tortuguero vimekuwa vikipungua miaka ya karibuni baada ya miongo ya kuongezeka. Habari hizo mbili ni za kweli kwa pamoja. Kijana wa miaka 16 anaweza kuzibeba zote mbili, na programu nzuri itampa zote mbili.

Ostional haina kazi nyingi ya vipimo kwa kijana, ina somo. Tangu 1987 wanakijiji wameruhusiwa kisheria kukusanya mayai katika saa 36 za mwanzo za arribada. Mtoto aliyefundishwa kwamba kuokota yai la kasa ni dhambi atawaona kina mama na vijana wa rika lake wakikanyaga mchanga kwa visigino kutafuta viota, kisha wanajaza mifuko, na mlinzi amesimama pembeni anatazama. Hoja ya sheria hiyo ni kwamba kasa wanaopanda siku ya pili na ya tatu huchimbua na kuvunja mayai ya waliotangulia, na mayai yaliyovunjika yanaozesha mengine, kwa hiyo ya mwanzo yangepotea hata hivyo. Kwa kupewa hayo, kijiji kinalinda yaliyobaki, kinasafisha ufukwe, kinafukuza mbwa na majangili. Wapo wanaopinga. Mimi naona ni mpango unaostahili heshima kwa sababu kasa wameendelea kuja na kijiji hakijafukuzwa kwenye ufukwe wake. Lakini usimpeleke mtoto Ostional bila kuyazungumza hayo nyumbani kwanza, la sivyo atarudi na hasira bila kuelewa alichokiona.

Playa Grande kazi ni ya subira: doria ndefu, usiku mwingi mtupu, na kuhamisha mayai yaliyotagwa mahali ambapo maji yatayafikia. Wanaangalia sana joto la mchanga, kwa sababu ndilo linaloamua jinsia. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko wa dume na jike, na zaidi ya hapo jike huwa wengi. Kijana anayependa sayansi, asiyehitaji kufurahishwa kila usiku, atapata mengi huko.

Ras al Jinz, kwa upande wa kazi, karibu hakuna. Ni hifadhi iliyoanzishwa kwa amri ya Sultani mwaka 1996, na wageni huingia kwa makundi na mwongozaji, usiku na alfajiri, wanatazama, wanarudi. Tangazo likisema kijana "atafanya uhifadhi" Ras al Jinz, uliza kwa undani. Kutazama kwa adabu si jambo dogo, lakini lisiuzwe kwa jina la kazi.

Usalama

Sitalipita hili haraka, na mzazi mwenzangu, nawe usilipite.

Usiku wa tarehe 31 Mei 2013, Jairo Mora Sandoval, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akilinda viota vya noa kwenye ufukwe wa Moín, aliuawa. Moín iko mkoa wa Limón, mkoa uleule wa Tortuguero. Alikuwa na wanawake wanne wa kujitolea kutoka nje. Walitekwa pamoja naye, wakanusurika. Alikuwa ametoa malalamiko hadharani juu ya majangili wa mayai kwenye ufukwe ule, ambao haukuwa hifadhi ya taifa na ulinzi wake ulikuwa hafifu.

Simsemi ili kuwatisha. Namsema kwa sababu jina lake linastahili kujulikana na kila kijana anayekwenda kutembea kwenye fukwe za Karibi ya Costa Rica, na kwa sababu kifo chake kimetupa swali sahihi la kuuliza. Usiulize tu "nchi ni salama?" Uliza: ufukwe huu hasa ni hifadhi? Walinzi wa serikali wanapita usiku? Majangili wako, na mkikutana nao kanuni ni ipi? Jibu ninalotaka kulisikia ni kwamba kundi linaondoka, halibishani, linapiga simu. Doria ya vijana iongozwe na mtu mzima mwenye redio na wenyeji wanaomfahamu.

Mengine ni madogo lakini ya kweli. Bahari ya Tortuguero haiogewi: mikondo ni mikali, na papa wapo. Jagwa, paka mkubwa anayefanana na chui, hushuka ufukweni kula kasa, na hiyo ndiyo sababu mojawapo hakuna anayetembea peke yake. Mvua hunyesha mwaka mzima, kwa radi, na doria husimamishwa radi ikikaribia. Kama kiongozi hana kanuni ya radi, hana kanuni. Mbu wapo, dengi ipo, na malaria hujitokeza Limón, kwa hiyo zungumza na daktari mapema. Dawa ya mbu isipakwe viganjani usiku wa kushika mayai.

Guanacaste ni kukavu zaidi, lakini njia ya Ostional hukatwa na mito wakati wa mvua, yaani wakati uleule wa arribada kubwa. Ras al Jinz ndiyo rahisi kuliko zote: barabara nzuri, kundi dogo, mwongozaji, kitanda. Adui ni joto la mchana.

Njia, viza, chakula

Kufika Tortuguero hakuna barabara. Kutoka San José mnapanda basi hadi Cariari, kisha La Pavona, halafu mashua saa moja hivi kwenye mifereji. Safari hiyo peke yake inamfaa kijana. Playa Grande ni karibu na uwanja wa ndege wa Liberia, mji wa Guanacaste. Ras al Jinz ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Maskati, kupitia Sur, mji uliojenga majahazi yaliyokuwa yakija Lamu, Mombasa na Unguja kwa upepo wa kaskazi. Familia nyingi za huko bado zina bibi anayesema Kiswahili. Kwa kijana mwenye asili ya pwani yetu, siku mbili Sur kabla ya kasa zina thamani yake.

Mwenye pasipoti ya Kanada, Marekani au Uingereza anaingia Costa Rica bila viza. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aanze na viza kabla ya kugusa malipo yoyote, na aulize wakati huohuo kuhusu cheti cha homa ya manjano. Angalia pia mahali pa kubadilisha ndege. Marekani hudai viza hata kwa anayepita tu uwanjani. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji viza ya kupita kwenye viwanja vya nchi za Ulaya za Schengen. Nauli rahisi inayopita Miami imeshawakwamisha watu wengi. Mtoto asafiri na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, hata kama anasafiri na mwalimu.

Chakula kisikusumbue. Watu wa Limón wenye asili ya Waafrika wa Karibi hupika wali na maharagwe kwa tui la nazi. Mtoto aliyelelewa Pwani atakula bila kuuliza. Familia ya Kiislamu iseme mapema kwamba anakula samaki na mboga, na iongee na kiongozi kuhusu swala. Zamu ya usiku wa manane huisha saa kumi, kwa hiyo Alfajiri haina tatizo. Isha ndiyo inayohitaji kupangwa na wa zamu ya kwanza.

Ugiriki, na kwetu

Zakynthos na ghuba ya Kyparissia, Ugiriki, kuna kazi halisi na duvi, kasa mwenye kichwa kikubwa. Shirika la ARCHELON lipo tangu 1983, na watu wake hutembea fukwe kila asubuhi kutafuta viota na kuviwekea uzio dhidi ya mbweha na mbwa. Lakini hupokea wa kujitolea kuanzia miaka 18. Basi weka jina hilo akiba kwa mtoto wa chuo.

Na kama fedha ya ndege hadi Amerika ya Kati ndiyo ada ya muhula, usikope. Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanzishwa 1997, hupokea kasa walionaswa kwenye nyavu za wavuvi: mvuvi anapiga simu, kasa anachukuliwa, anapimwa, aliye mgonjwa anatibiwa, mzima anarudishwa baharini. Mafia, Sea Sense imefundisha wanakijiji kulinda viota tangu 2001, na kisiwani Juani mgeni anaweza kushuhudia watoto wa kasa wakitoka mchangani, wengi kati ya Juni na Septemba. Kwa kijana wa Nairobi au Dodoma, Watamu na Mafia si daraja la pili.

Ningemchagulia nani nini

Mwenye miaka 16 au 17, miguu imara, asiyelalamika akilowa, na likizo ya Julai au Agosti: Tortuguero, wiki mbili, si moja. Wiki ya kwanza anajifunza kutembea gizani. Msaada wake unaanza ya pili.

Mwenye likizo ya Desemba na akili ya sayansi: Playa Grande, akijua uhaba wa noa. Ostional iwe siku mbili au tatu ndani ya safari ya Guanacaste. Isiwe ndiyo safari yenyewe, kwa sababu tarehe haishikiki.

Mwenye miaka 13 au 14, au familia inayotaka kwenda pamoja: Ras al Jinz. Miaka hiyo ni midogo mno kwa doria ya saa sita usiku, na vituo vingi vya utafiti havipokei aliye chini ya miaka 18 bila kundi lenye msimamizi.

Popote mtakapochagua, mwandikieni mwandaaji maswali matatu kabla ya malipo ya kwanza. Kijana atakuwa wapi na anafanya nini saa tano usiku, siku ya kawaida? Takwimu anazokusanya zinapelekwa kwa nani? Je, wageni hushika watoto wa kasa, au watoto hao huwekwa kwenye ndoo wakisubiri kupigwa picha? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, tafuteni programu nyingine.